VYAMA VIKUBWA NA VYAMA VIDOGO

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Tawi la Eldoret)



Wako wasemao tufunge mfuko wetu wa maziko kwa kuwa ni mdogo. Kabla ya kupiga kura, naomba tutazame vyama vingine vya hapa kwetu visivyotafuta faida.

Shirika kubwa tulijualo sote ni AMPATH. Lilianza kutibu wagonjwa wa UKIMWI mwaka 2001, kwa ushirikiano wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Fedha za kazi kama hiyo huhesabiwa kwa mamilioni ya dola, nazo hulipia waganga, maabara, magari na makarani.

Upande wa pili viko vikundi vya mitaani, kama Langas na Huruma. Sheria ya mwaka 2022 inakubali kikundi cha watu 10. Tuseme watu 20 wanatoa shilingi 200 kila mwezi: kwa mwaka ni shilingi 48,000. Hapana karani wa kulipwa wala motokaa. Karibu zote humrudia mwanachama.

Basi vikubwa ni vichache, navyo hutumia fedha nyingi. Vidogo ni vingi mno, na kila kimoja hutumia kidogo. Sisi watu wa reli twajua kwamba injini ya mizigo haitumwi kukagua njia, na kiberenge hakivuti mabehewa. Shilingi 48,000 hazijengi maabara. Lakini shirika kubwa halitakuletea unga siku ya msiba.

Tena, Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje. Kazi nyingi za afya nchini Kenya zikatikisika, hata zenye hesabu safi. Mtoaji akiwa mmoja, naye yuko mbali, ukubwa haukingi. Mfuko wetu ufunguo wake uko hapa.

Lakini udogo nao hauzuii wizi. Fedha kidogo zisizo na daftari hupotea upesi. Mashirika makubwa huita wakaguzi, sisi je?

Kwa hiyo nashauri tusiufunge. Hesabu isomwe kila mkutano, watu wawili watie sahihi kabla ya senti kutoka, na kila mtu alipe mchango wake kwa tarehe yake.