Kutowapoteza Waliotawanyika: Intaneti na Makanisa ya Butembo na Beni



Nimeombwa nizungumze juu ya namna makanisa yetu yanavyoweza kutumia intaneti kueneza Injili na kujenga jumuiya. Mada hii kwa kawaida huanzia kwenye kueneza: tuwafikieje wasiotujua, tupate wafuasi wangapi, tununue kamera ipi. Mimi nitaanzia upande wa pili. Hapa Butembo na Beni, watu wa kwanza tunaopaswa kuwatafuta ni wale ambao majina yao tayari yamo katika vitabu vyetu vya ubatizo, na hatujui tena wanalala wapi.

Tangu mauaji yalipoanza kuizunguka Beni mnamo Oktoba 2014, Mbau, Oicha na Eringeti zimeona watu wakikimbia na kurudi, wakirudi na kukimbia tena. Mwaka 2024 ikawa zamu ya kusini. Waasi wa M23 walipoichukua Kanyabayonga mwishoni mwa Juni, familia za huko zilishika njia ya Lubero na Butembo na magodoro kichwani. Kanisa la kijiji likitawanyika namna hiyo, nusu ya kwaya iko kwa mashangazi Butembo, mzee wa kanisa yuko Beni, na wajane wawili hakuna anayejua walikoelekea. Kinachobaki mkononi ni namba za simu, tena si zote.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha huduma hii ni daftari la mkatekista. Ukurasa wake una safu nne: jina, namba ya simu, namba ya jirani au ndugu mwenye simu, maana bibi zetu wengi hawana yao, na mahali mtu alipo sasa. Safu hiyo ya mwisho iandikwe kwa penseli. Kundi la WhatsApp la shirika hai au la kikundi cha maombi lizaliwe kutoka katika daftari hilo. Sisi tumezoea kufanya kinyume: kundi kwanza, watu baadaye. Ndiyo maana yako makundi yenye wanachama mia tatu ambamo hakuna anayejua nani amefiwa wiki hii. Watu mia tatu wanaotumiana picha za maua yaliyoandikwa "Asubuhi njema, ubarikiwe" bado hawajawa jumuiya.

Nieleze basi ninachokiona kinafaa. Jumamosi jioni mkatekista anatafuta mahali pasipo kelele za pikipiki, anarekodi sauti ya dakika nne au tano. Anataja jina lake, jina la kanisa lake na tarehe. Anasoma Injili ya kesho kwa Kiswahili, anaifafanua kwa Kinande kama alivyozoea kuifafanua kijijini. Halafu habari za watu wake: nani amejifungua, matanga ni ya nani, mgonjwa yupi ametoka hospitali, na waliofika Butembo wiki hii wamtafute ndugu gani. Basi. Anayepokea kule Oicha au Kampala anasikia sauti anayoijua, na anasikia jina lake likitajwa. Sijaona kamera iwezayo kufanya kazi hiyo.

Tuhesabu na mega. Mahubiri ya saa moja kwa video, hata yenye picha ya wastani tu, hula mega 300 na zaidi. Sauti ya dakika tano kwenye WhatsApp haifiki mega 2. Mama anayeuza ndizi sokoni hununua mega za siku moja, na mega hizo hizo ndizo atakazotumia kumpigia mtoto wake aliyeko mbali. Ukimtumia video nzito, umemtoza sadaka kabla ya ibada kuanza. Wako watakaoniambia kwamba vijana hupenda video. Kweli. Basi wapewe ya dakika moja na nusu, si mkutano mzima wa Jumapili pamoja na matangazo ya harusi.

Tena kuna habari ya betri. Katika mitaa isiyo na umeme, simu huachwa kwenye kibanda cha kuchaji, na hapo hapo kuna kijana anayejaza nyimbo na filamu kwenye kadi za memori kwa malipo madogo. Kijana yule anasikilizwa kuliko kurasa zetu nyingi za Facebook. Nani kati yetu amewahi kumpelekea mafundisho ya katekesi, au visa vya Biblia kwa Kinande, ayaweke kwenye kadi ya kila mteja atakayetaka? Kilicho kwenye kadi husikilizwa shambani bila mtandao wowote, na hakuna awezaye kukizima kutoka Kinshasa.

Nasema hivyo kwa sababu mtandao umeshazimwa, na si mara moja. Ulikatwa tarehe 31 Desemba 2017, siku ya maandamano yaliyoitishwa na kamati ya walei Wakatoliki. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 30 Desemba 2018, nchi ilipiga kura, isipokuwa Beni na Butembo zetu pamoja na Yumbi kule magharibi, ambako tume ya uchaguzi, CENI, ilikuwa imeahirisha uchaguzi hadi Machi 2019. Kesho yake intaneti ikakatwa nchi nzima, ikarudi karibu na tarehe 20 Januari. Kanisa lililokuwa limehamishia kila kitu kwenye simu lilibaki bubu wiki tatu. Redio haikunyamaza. Kwa hiyo anayetaka kufunga studio ya Radio Moto kwa hoja kwamba sasa tuna WhatsApp hajaishi hapa muda wa kutosha. Sauti ile ile ya mkatekista ipelekwe redioni, iwekwe kwenye kadi, itumwe kwenye simu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa kule Mangina. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa walikuwa wamehesabiwa 3,470 na waliokufa 2,287. Mnakumbuka vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilivyoshambuliwa Februari 2019, siku tatu baina ya kimoja na kingine. Mnakumbuka pia yaliyokuwa yakizunguka katika simu zetu: kwamba ugonjwa umeletwa ili watu watajirike, kwamba chanjo ndiyo inayoua, kwamba maiti zinarudishwa bila viungo. Kuahirishwa kwa uchaguzi wetu wa Desemba kulizidisha shaka, na shaka ile haikuwa ya kipumbavu. Watu waliochinjwa miaka minne bila kuokolewa wana haki ya kuuliza kwa nini sasa magari mengi hivi kwa ajili ya Ebola. Lakini uongo ule ulipita hata katika makundi ya kwaya na ya maombi, ukitanguliwa na "Shalom wapendwa". Mtu aliuamini kwa sababu ulitoka kwa shemasi wake. Hapo ndipo jina la kanisa linapoweza kumuua mtu.

Askofu mkuu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997 kabla ya kwenda Bukavu, hakuwa na simu ya namna hii. Barua yake ya Noeli ya 1999 ilitembea kwa karatasi. Iliwachoma wakuu wa waasi wa RCD hata wakamzuia asikae Bukavu, wakamweka Butembo kuanzia Februari 2000, na Oktoba ya mwaka huo akafariki Roma. Kila aliyeishika karatasi ile alijua nani ameandika, na kwamba mwenyewe yuko tayari kuilipia. Ujumbe wa kanisa unaotembea leo katika simu uwe na mambo hayo hayo: jina la anayesema, mahali, tarehe. Usiokuwa nayo usipelekwe mbele, hata ukiwa na Zaburi ndani. WhatsApp yenyewe huweka alama ya mishale miwili juu ya ujumbe uliokwisha kupelekwa kutoka mtu hadi mtu mara nyingi. Mzee wa kanisa akiiona alama hiyo, apige simu kwanza kule jambo linakosemekana limetokea. Sote tuna ndugu kila kijiji. Simu moja ya dakika mbili ingetuepusha na mikimbio mingi ya usiku.

Na yuko padri Vincent Machozi, Mwasumpsioni. Akiwa masomoni Boston, Marekani, alianzisha tovuti ya Beni-Lubero Online, akaanza kuandika yaliyokuwa yakitokea huku: vijiji, tarehe, waliouawa. Watu wetu wa Ulaya na Marekani walipata kwake habari za nyumbani kabla ya magazeti makubwa kuamka. Baadaye alirudi Kongo. Jumapili ya Matawi, tarehe 20 Machi 2016, watu wenye silaha walimpiga risasi Vitungwe-Isale, karibu na Butembo. Si kila kilichochapishwa katika tovuti ile ninakikubali. Ila tunapoketi hapa kujadili intaneti kana kwamba ni habari ya mabango yenye uso wa mchungaji uliolizidi ukubwa jina la Yesu, tukumbuke kwamba katika nchi hii kuna mhudumu wa Mungu aliyeitumia kuwaandika wafu wetu, naye akauawa.

Kutoka hapo ni rahisi kuingia kwenye usalama. Tarehe 27 Juni 2021 bomu lililipuka katika kanisa Katoliki la Emmanuel-Butsili, Beni. Tarehe 15 Januari 2023 jingine liliua watu zaidi ya kumi Kasindi, katika kanisa la Kipentekoste la CEPAC, siku ya ubatizo. Julai 2025 zaidi ya arobaini waliuawa kanisani Komanda, jirani zetu wa Ituri. Baada ya hayo, kanisa linatangazaje kwenye ukurasa ulio wazi kwa dunia nzima kwamba mkesha utaanza saa tatu usiku, na kuonyesha moja kwa moja umati ulivyojaa na mlango ulipo? Ibada ikirekodiwa, itolewe baada ya watu kufika kwao. Mikesha itangazwe kwa midomo na katika makundi ya watu wanaojuana. Fahamuni pia kwamba katika kundi la WhatsApp kila mwanachama huona namba za wote. Katika chaneli wafuasi hawaonani. Kwa kuwatangazia watu wengi msiowajua, tumieni chaneli. Kundi libaki la watu walio katika daftari.

Na picha za maiti. Naomba tuzikomeshe. Mtoto wa marehemu ana simu. Picha ya mama aliyekimbia, akipokea unga huku ameshika karatasi yenye jina la mfadhili, nayo ni ya kukomesha. Inamwonyesha adui alipo, na inamwaibisha mbele ya watoto wake.

Jambo ambalo miaka mitano iliyopita nisingelisema: makanisa yetu sasa yamekatwa na mstari wa vita. Goma iliposhikwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya jimbo ilihamia Beni. Lakini makao makuu ya kanisa la CBCA yako Goma, na maelfu ya Wabaptisti wake wako Butembo, Beni na Lubero. Jimbo Katoliki la Butembo-Beni liko chini ya jimbo kuu la Bukavu, nao Bukavu ulishikwa Februari. Viongozi walioko pande mbili za mstari hukutana kwa simu kama wana akili. Wazungumze ibada, mafunzo, mishahara ya walimu wa shule zao, misiba. Wasizungumze askari wamepita wapi. Yuko anayesoma, pande zote mbili, na mchungaji wa kijijini ndiye atakayeitwa kuulizwa, si yule aliyetuma.

Sadaka za simu nitazipita haraka. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimewawezesha watoto wetu wa Dubai, Guangzhou na Brussels kuezeka makanisa ya kwao, na ni neema. Namba iwe ya kanisa, isiwe ya mchungaji. Watu wawili waijue. Hesabu isomwe mbele ya waamini kila mwezi. Matapeli wanaojifanya maaskofu wanafanikiwa pale tu ambapo waamini hawajawahi kuambiwa namba halisi ni ipi.

Wa kufanya kazi hii wapo. Chuo Kikuu cha Kikristo cha UCBC pale Beni kinafundisha mawasiliano na kompyuta, na kilianza 2007. Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kipo Butembo tangu 1989. Vijana wao wanakaa katika parokia zetu, wanaimba katika kwaya zetu, na tunawaita tu kipaza sauti kinapogoma. Wapewe kazi yenye jina na muda. Kijana mmoja kwa kila kanisa, akiwa pamoja na mama mmoja mtu mzima ambaye watu humwambia mambo yao. Kijana ajue simu, mama ajue watu. Nisingemwachia mmoja wao kazi hiyo peke yake.

Ombi langu kwenu, mapadri na wachungaji, ni hili moja. Kabla ya Majilio kuanza, kila mmoja akae na mkatekista au shemasi wake, wachukue kitabu cha ubatizo cha miaka hii kumi, waandike upya lile daftari la safu nne, kisha wapige simu, jina kwa jina. Atakayepokea aulizwe yuko wapi na anahitaji nini. Asiyepokea, namba ya jirani ijaribiwe. Hilo likiisha, ndipo tutazungumza habari za kamera.