Mtetezi Naye Hutetewa na Nani?



Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda kuwasemea Umoja wa Mataifa, New York. Fedha zilitoka katika michango ya Wameru wenyewe. Mwanasheria aliyewasaidia, Earle Seaton wa Bermuda, alikuwa akifanya kazi papa hapa Moshi. Sijui kama vijana mmepata kuambiwa. Kura hazikutosha, lakini dunia ilisikia.

Kazi ya namna hiyo ndiyo ya Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu Tanzania, ulioanzishwa 2012. Mwandishi wa habari au mtetezi wa ardhi ya kijiji akikamatwa, Mtandao humtafutia wakili na dhamana. Akitishwa, humpeleka mahali salama kwa muda. Nao wenyewe hawakusalimika. Agosti 2020 akaunti zao za benki zilifungwa, shughuli zikasimama, mpaka zilipofunguliwa 2021. Hebu pimeni, ndugu zangu: miezi ile, aliyekamatwa kijijini usiku alimpigia nani simu?