Mtungi wa Kuazima

Somo: 2 Wafalme 6:1–7

 

Leo sina habari kubwa. Nataka tuzungumze juu ya mambo madogo madogo ya nyumbani, yale ambayo mara nyingi hatuyapeleki mbele za Mungu kwa sababu tunaona haya kumsumbua.

Nianze na embe. Mwezi wa Januari mmoja nilialikwa kuhubiri katika kanisa moja karibu na Wote, huko Makueni. Anayeijua Makueni anajua Januari ni mwezi wa namna gani. Pale Emali nilinunua embe moja kubwa, limeiva hata harufu yake imejaa gari zima, nikasema moyoni, nitalila baada ya ibada. Sikuweza. Hatujaenda mbali nikaanza kulimenya kwa meno. Ndugu, kama iko njia ya kula embe la namna hiyo kwa heshima, mimi bado sijafundishwa. Maji yake yalishuka mpaka kwenye kiwiko, na gari lilipoingia shimoni yakarukia shati langu jeupe la Jumapili. Nilihubiri nusu saa nimeikumbatia Biblia kifuani kama mtoto mchanga. Baada ya ibada mzee mmoja akanishika mkono akasema, "Mwalimu, tumefurahi kuona jinsi unavyolipenda Neno." Nikanyamaza. Mpaka leo sijamweleza yule mzee ukweli, na kama ananisikiliza asubuhi hii, basi sasa ameujua.

Labda mtu atauliza, embe na shati zina kazi gani katika mazungumzo ya dini? Nami namwomba aifungue Biblia yake katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 6. Sura iliyotangulia ni habari ya Naamani, jemadari mkuu, aliyeponywa ukoma. Mbele kidogo tutakutana na jeshi la Shamu, farasi na magari ya vita, na baada ya hayo njaa kali katika Samaria. Mambo makubwa ya wafalme na majeshi. Na katikati yake pana aya saba tu, habari ya kichwa cha shoka.

Wana wa manabii walikuwa na nyumba iliyowabana. Wakaenda Yordani kukata miti wajenge nyingine, na Elisha akaenda pamoja nao. Mmoja wao alipokuwa akikata, chuma kikachomoka katika mpini kikazama mtoni. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyejeruhiwa. Lakini yule kijana alilia, na sababu ya kilio chake imeandikwa: shoka lile halikuwa lake, aliliazima.

Sisi wa Kitui na Makueni hatuhitaji mtu wa kutufafanulia jambo hilo. Kwetu watu huazimana jembe, panga, sufuria, punda, chumvi ya kijiko kimoja, hata kaa la moto. Na anayeazima huondoka na vitu viwili mkononi: chombo chenyewe, na jina lake kwa jirani. Ukikipoteza chombo, umekwisha kuliweka jina lako hatarini. Kwa hiyo jambo dogo kwa mwenye mashoka kumi ni jambo la machozi kwa mwenye shoka la kuazima.

Tazameni alivyofanya Elisha. Hakumwuliza kwa nini hukukaza mpini. Hakumwambia ningekuwa mimi ningelifunga kwa kamba. Alimwuliza mahali kilipoangukia, basi. Kijana akamwonyesha, Elisha akakata kijiti akakitupa pale, chuma kikaelea, akamwambia akichukue. Nimeisoma habari hii mara nyingi, na zamani nilistaajabia chuma kuelea. Siku hizi nastaajabia zaidi kwamba kijana yule hakukemewa. Nitawaambia kwa nini, lakini kwanza niseme kidogo juu ya maji.

Mito yetu mingi ni mito ya mchanga. Mvua ikinyesha, maji hushuka kwa kishindo siku chache, kisha mto unakauka, na mgeni akipita husema hapa hapana kitu. Lakini chini ya mchanga maji yamo, yamejificha jua lisiyafikie. Mama zetu huchimba shimo, hukaa kando yake na kata ya kibuyu, huteka kidogo, hungoja yachuruzike tena, huteka tena. Ndiyo sababu vikundi vya mwethya vimebeba mawe na saruji na kujenga kuta kukata mito hiyo, ili mchanga ujae nyuma ya ukuta na maji yakae ndani ya mchanga mpaka kiangazi. Ni kazi ya mikono mingi, na mingi ya mikono hiyo ni ya wanawake. Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20, na mwenye kuubeba mgongoni kwa ukanda wa kichwa hahitaji mizani kulijua hilo. Basi mtu wa mjini mwenye bomba asituambie kwamba maji yakimwagika ni jambo dogo.

Liko jambo moja lililotokea zamani katika nchi yetu hii hii. Mwaka 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, na safari ile ndiyo aliyouona Mlima Kenya. Mwaka 1851 akarudi, wakasafiri pamoja kuelekea mto Tana. Njiani wanyang'anyi wakawashambulia, Kivoi akauawa, watu wakatawanyika, na Krapf akabaki peke yake porini, hana chakula wala kibuyu. Alipoufikia mto akanywa. Kisha akafikiri atachukulia nini maji ya njiani. Akaujaza mfuko wa ngozi wa darubini yake. Akaijaza mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi na vitambaa alivyokata katika suruali yake, akashika njia. Miiba ya porini ikazing'oa zile nyasi, maji yakamwagika, na yaliyobaki yakawa na ladha mbaya ya baruti.

Baadaye akasikia kelele za tumbili bondeni. Alifurahi sana, maana alijua kwamba tumbili wakikaa mahali pa chini, maji hayako mbali. Akakuta shimo walilolichimba mchangani, na ndani yake maji. Akamshukuru Mungu, akanywa.

Krapf alikuwa mtu wa majonzi makubwa. Mwaka 1844 alimzika mkewe na mtoto wao mchanga kule Mombasa. Angeweza kusema, baada ya hayo, shimo la tumbili ni kitu gani? Lakini alipoandika habari za safari zake aliziandika zile nyasi zilizochomoka, na lile shimo pia, na shukrani yake. Mimi namheshimu kwa hilo.

Nami nimewahi kumwagikiwa na maji kwa sababu ya kizibo kibaya, na hiyo ndiyo habari niliyotaka kuwapa.

Ilikuwa Oktoba, mvua bado, na kwetu upande wa mto Tiva mashimo yalikuwa yameshuka kwenda chini sana. Tulikuwa na mitungi mitatu ya plastiki. Punda huchukua minne, na jirani yetu, mama mzee mjane, alikuwa na mmoja mzuri lakini miguu yake haikuweza tena kwenda mtoni. Tukapatana: tunaazima mtungi wake, na ukirudi umejaa, maji yale ni yake. Kifuniko chake kilikuwa kimepotea zamani, tukauziba kwa gunzi la mahindi, kama watu wote wanavyofanya.

Kijana wangu wa miaka kumi na mmoja aliondoka na punda kabla ya alfajiri. Saa nne hajarudi. Saa tano nikamwona anakuja, punda mbele, mitungi mitatu mgongoni, na wa nne ameubeba mwenyewe kifuani. Punda alishtuka kwenye mteremko akaanguka, gunzi likaruka, mtungi ukagonga jiwe ukapasuka ubavuni. Yalikuwa yamesalia maji kidogo upande wa chini wa ufa, na mtoto alikuwa ameuinamisha njia nzima ili yasipotee.

Wapenzi wasikilizaji, najua mnavyotazamia mwalimu wa dini aseme mahali hapo. Sikusema hivyo. Nilimkemea mbele ya wapita njia. Nilimwambia macho yake ni ya kazi gani. Nilimwambia neno jingine ambalo sitalirudia katika redio, neno ambalo baba hampi mtoto wake. Hakujibu. Aliweka mtungi chini polepole, akamshika punda, akaenda nyuma ya ghala.

Nikauchukua ule mtungi kwenda kwa yule mama. Njiani nilitunga maneno. Nitasema kifuniko hakikuwapo tangu mwanzo. Nitasema punda ni mkorofi. Nitasema nitalipa mwisho wa mwezi. Nilimkuta ameketi kivulini anachambua pojo, nikaanza, "Mwaitu, mtungi wako..."

Hakuutazama mtungi. Alitazama njia nyuma yangu, akauliza, "Mtoto yuko wapi? Ameumia?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehesabu maji yaliyomwagika, nimehesabu bei ya mtungi, nimehesabu hata aibu yangu, na mtoto sikuwa nimemtazama.

Nikarudi mbio, mzee mzima. Nilimkuta nyuma ya ghala, ameegemea punda, goti limefunguka, damu imekauka pamoja na mchanga wa mtoni. Nikamwuliza kwa nini hakuliosha. Akasema, "Baba, niliona maji ni machache."

Mitungi mitatu iliyojaa ilikuwa hatua kumi kutoka pale aliposimama.

Nililiosha goti lile mwenyewe. Nilitumia maji mengi, zaidi ya haja. Nikamwomba mwanangu msamaha, na neno hilo si jepesi kinywani mwa baba. Mimi sikumbuki kulisikia kwa baba yangu, naye alikuwa mtu mwema. Mtoto aliinamisha kichwa, akasema, "Si kitu, Baba." Lakini kilikuwa kitu, na siku kadhaa zilipita kabla hajanitazama usoni kama kawaida yake. Nasema hivi ili mtu asidhani kwamba msamaha ukiombwa mambo hurudi mahali pake siku ile ile. Maji tuliyateka tena kesho yake. Neno nililolitoa sikuweza kuliteka.

Tulikwenda pamoja kwa yule mama, tumempelekea mmoja wa mitungi yetu. Kumbe yeye alikuwa amekwisha kuyachuja yale maji kidogo kwa kitambaa na kuyachemsha, akapika chai ya rangi. Vikombe vitatu. Kikubwa kuliko vyote akampa mtoto, akamwambia, "Kunywa, mume wangu, wewe ndiwe uliyeyaleta," kwa maana bibi zetu huwatania wajukuu namna hiyo. Mtoto akacheka. Sukari ilikuwa kidogo, na chini ya kikombe changu palikuwa na mchanga. Tulikaa pale mpaka kivuli kilipohama, tukazungumza habari za mbuzi na habari za mvua, na mama akatueleza jinsi alivyowahi kumwaga muthokoi wa harusi nzima, akiwa bado bibi arusi, mbele ya mama mkwe wake. Alicheka mpaka akajifuta machozi.

Siku ya soko nilikwenda Kitui mjini nikamnunulia mtungi mpya. Aliugeuza huku na huku, akaupiga kwa vidole, akanishukuru sana. Kisha akauliza, "Na kifuniko, Mwalimu?"

Nilikuwa nimekisahau dukani. Nikarudi siku ya soko iliyofuata.

Ule uliopasuka tuliukata vipande viwili. Kimoja wananyweshewa kuku. Cha pili mtoto alikiweka chini ya ukingo wa paa la mabati, nami sikumwuliza sababu, maana mbingu ilikuwa safi na hapakuwa na dalili ya wingu. Kikakaa pale kikavu wiki mbili, kimejaa majani na vumbi. Usiku mmoja wa Novemba nikaamshwa na hodi. Mtoto alikuwa mlangoni, amelowa, anacheka, ananivuta mkono niende nikaone.