Mtoto Mgongoni na Mapigo ya Ngoma

Leo nataka kusema nanyi juu ya mtoto mchanga na mapigo ya ngoma.

Watu wengi hudhani ya kuwa mtoto hujifunza mapigo akiisha kusimama na kucheza mwenyewe. Sivyo. Mwaka 2009 wataalamu walieleza jinsi walivyopima ubongo wa watoto wa siku 2 au 3 tu, nao wamelala. Pigo kubwa la ngoma lilipoachwa, ubongo ulishtuka kana kwamba ulikuwa ukilingojea. Basi mtoto huja na sikio lake. Kazi yetu ni kulilisha, na chakula chake hupitia mwilini pia.

Fikirini kinu. Wanawake wawili wakitwanga mahindi katika kinu kimoja, michi hupokezana, na mtoto aliye mgongoni mwa mmoja wao husukwasukwa kwa kila pigo la pili. Akija mwanamke wa tatu, mtoto yule yule husukwasukwa kwa kila pigo la tatu. Mwaka 2005 wataalamu wa Chuo Kikuu cha McMaster, katika Kanada, walifanya jambo kama hilo pasipo kinu. Waliwapigia watoto wa miezi 7 ngoma isiyo na pigo kubwa wala dogo, wengine wakirushwarushwa kwa pigo la pili, wengine kwa la tatu, muda wa dakika 2. Baadaye kila mtoto alipenda kusikiliza ngoma yenye mkazo ule aliorushwa nao. Hata waliofungwa macho walipata. Walakini waliotazama tu mtu mzima akirukaruka hawakupata kitu.

Siku hizi mashine imechukua kazi ya kinu, nami siilaumu. Mabega ya mama zetu yalistahili pumziko. Lakini mtoto hakupewa kitu badala yake. Yuko mama amlazaye mkekani mbele ya simu inayoimba, akidhani amemfundisha muziki. Simu haimbebi mtu. Mfunge mbelekoni unapofagia, uimbe, nawe uyumbe pamoja na wimbo. Na baba asiseme hiyo ni kazi ya wanawake: ampakate mtoto, amshike mikono, ampigishe makofi. Ukimtengenezea kibuyu cha mbegu, kizibe sana, maana mbegu moja yatosha kumpalia. Na mtoto asiyeshtuka wala kugeuka kwa sauti yo yote, mpeleke hospitali mapema.

Tena kuna jambo la wakati. Mwaka ule ule wa 2005 ilionekana ya kuwa watoto wa Amerika ya Kaskazini wa miezi 6 walitambua kosa hata katika ngoma za kigeni za nchi za Balkan. Wenzao wa miezi 12 hawakutambua tena. Waliposikilizishwa nyumbani majuma 2, sikio lilirudi. Watu wazima hawakufaulu hivyo.

Sisi wa Mpanda tuna bahati. Wako Wabende, Wakonongo na Wapimbwe. Wasukuma wamekuja na ng'ombe wao. Na Katumba na Mishamo zimekaliwa na watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, pamoja na watoto wao. Hata hivyo yuko mzazi amwitaye mtoto ndani ngoma ya jirani inapoanza, kwa kuwa si ya kabila lake. Huyo anafunga mlango ambao kesho hataweza kuufungua kwa urahisi. Jirani akipiga ngoma, mfunge mtoto mgongoni, mwende, mkacheze nao.