Kabla ya Kununua Mashua Iliyokwisha Kutumika


Tunazungumza leo nanyi mliokusanya akiba, pengine ya kikundi kizima, ili mnunue chombo cha kuvulia. Ngalawa tutaipita upesi: mwili wake ni gogo moja lililochongwa, mara nyingi la mwembe, na ufa wake si rahisi kufichika. Mashua ina siri zaidi. Mbao zake hupigiliwa misumari kwenye mataruma, na nafasi zilizo kati yake huzibwa kwa kalafati ya pamba iliyotiwa mafuta. Rangi mpya huweza kuyafunika yote hayo.

Kwa hiyo msiridhike kuitazama ikiwa juu ya mchanga. Nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji. Achungulie ngama, achome mkuku na mataruma kwa ncha ya kisu, atafute vitundu vya wadudu wa baharini walao mbao. Kisha ishusheni majini. Muuzaji atasema chombo kilichokaa nchi kavu huvuja mwanzoni, mpaka mbao zivimbe. Hasemi uongo. Lakini ikiwa siku kadhaa zimepita nanyi mngali mnafua maji vilevile, kosa si ukavu.

Fedha zote zisitoke kabla ya jaribio hilo. Mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi, yakitaja pia tanga, foromali na nanga, maana vitu hivi huweza kuwapo siku ya kutazama na kukosekana siku ya kukabidhiwa.