Chunusi haziponi kwa kopo lisilo na jina



Juni inapoingia hapa Mawengi, kila nyumba huwa na kopo la mafuta karibu na mlango. Baridi yetu hupasua midomo na kukausha miguu hadi ikaonekana kama imemwagiwa unga, na hakuna mama anayekubali mtoto wake aende shule bila kung'aa. Tunajipaka kuanzia kisogoni hadi kisiginoni, kwa mafuta yale yale na mkono ule ule. Leo nataka tuzungumze juu ya uso, kwa sababu uso una mambo yake.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mtoto wa dada yangu, anayesoma sekondari, alikuja kwetu likizo uso umejaa chunusi. Nikamwambia kwa sauti ya mjomba anayejua kila kitu: "Huo ni uchafu, oga vizuri." Akawa anajisugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia mara nne kwa siku. Chunusi zikazidi. Nikampa fedha akatafute dawa. Alirudi kutoka Njombe na kopo dogo jeupe lisilo na maandishi yoyote. Muuza vipodozi alikuwa amempimia kutoka katika ndoo.

Wiki ya kwanza uso ulilainika na kutakata, na nyumba nzima tukamsifia. Baada ya mwezi na siku kadhaa vikatoka vipele vidogo vyekundu, vyote vya kimo kimoja, mashavuni, kidevuni hadi kifuani. Binti akaacha kwaya. Nilipomuuliza sababu, alinijibu akiwa ameinama: "Mjomba, watu wanaangalia uso, hawasikilizi wimbo."

Mganga wa kituo cha afya hakuuliza habari za usafi. Aliuliza, "Unapaka nini?" Tukampa lile kopo. Akaligeuza huku na huku akitafuta maandishi. "Siwezi kusema humu mna nini," alisema, "lakini vipele vya namna hii navijua. Ni vya wanaopaka krimu zenye steroidi."

Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, si ya udaktari. Lakini kazi yangu ni kuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kila kinyweleo cha usoni kina kitundu, na ndani yake mna tezi inayotoa mafuta. Mtoto anapobalehe, homoni huziamuru tezi hizo zitoe mafuta mengi zaidi. Chembe za ngozi zilizokufa nazo hunata badala ya kudondoka, na kitundu kinaziba. Bakteria waishio humo hushamiri, ngozi inavimba, chunusi imezaliwa. Ile nukta nyeusi tunayoikamua puani si vumbi la barabara ya Ludewa. Ni mchanganyiko ule ule, uliogeuka mweusi kwa hewa na kwa rangi ya asili ya ngozi. Ndiyo maana dodoki halisaidii. Linachubua ngozi ya juu tu, wakati kizibo kimekaa ndani.

Je, tunachojipaka kinaweza kuziba vitundu? Naam. Mwaka 1970 madaktari wa Marekani, akiwamo Albert Kligman, walieleza chunusi za paji la uso kwa watu weusi waliozoea kupaka nywele mafuta mazito. Mafuta yalishuka kutoka kichwani, chunusi zikafuata njia hiyo hiyo. Kligman na wenzake walikuwa wakijaribu viungo vya vipodozi ndani ya masikio ya sungura, na wakapata orodha ya vinavyoziba: lanolini itokayo katika manyoya ya kondoo, siagi ya kakao, kemikali iitwayo isopropili miristati, na baadhi ya mafuta ya mimea.

Lakini sikio la sungura si shavu la binadamu. Mafuta ya mgando, ambayo wengi tuliyahukumu, Kligman huyo huyo aliyasafisha jina mwaka 1996: hayakuziba vitundu, kwa sungura wala kwa watu. Kwa hiyo mgando wa kisigino na midomo uendelee kufanya kazi yake. Wa kuangaliwa kwa makini usoni ni mafuta ya nazi, na hata ya parachichi, tunda letu la fahari hapa Njombe. Kitu kuwa cha asili si hoja. Kitundu hakiulizi kama mafuta yametoka shambani au kiwandani.

Hata hivyo, mafuta yanayoziba huleta chunusi tu. Kopo la ndoo ni hatari nyingine. Steroidi kama klobetasoli na betamethazoni ni dawa halali mikononi mwa daktari. Ukizipaka usoni kiholela huzima wekundu kwa muda, ndiyo maana tunazisifu, kisha hukondesha ngozi na kuleta vipele vyake zenyewe. Ukiziacha, uso hulipuka kwanza kabla ya kutulia. Zebaki nayo hupenya ngozi na kudhuru figo. Nchi yetu imekataza vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi, na tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko kwa TBS. Lakini mkaguzi hawezi kusoma kopo lisiloandikwa, na wewe huwezi.

Tufanye nini basi? Uso uoshwe mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, bila kusugua. Mafuta ya nywele yaishie kwenye nywele. Usikamue, maana ndiyo njia ya makovu. Dawa zipo: benzoili peroksidi ya nguvu ndogo, asilimia 2.5, inasaidia wengi, ila hung'oa rangi ya foronya. Dawa za jamii ya vitamini A mjamzito asizitumie. Na zote zinataka subira ya miezi miwili au mitatu. Zikishindikana, nenda kwa mganga. Pale KCMC Moshi, tangu 1992 kipo kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika. Elimu tunayo, tunaikimbilia ndoo.

Mpwa wangu aliacha lile kopo. Wiki tatu za mwanzo zilikuwa ngumu, mtandio haukutoka usoni. Sasa uso umetulia, makovu machache yamebaki, na Jumapili iliyopita alisimama tena mstari wa mbele katika kwaya. Hajanilaumu hata siku moja. Najilaumu mwenyewe, kwa sababu nilimwita mchafu kabla sijamuuliza anajipaka nini.

Mzazi mwenzangu, jioni ya leo chukua makopo ya nyumbani kwako, uyasome. Lile lisilo na la kusoma, usimpe mtoto.