Kivuli Katikati ya Ukurasa



Leo chukueni karatasi za fotokopi alizorudi nazo mtoto shuleni. Mara nyingi katikati pana kivuli cheusi kinachoshuka toka juu hadi chini. Huo ni mgongo wa kitabu, pale kilipokataa kulala sawasawa juu ya kioo cha mashine. Na kitabu hicho kina mwenyewe.

Zamani mwalimu alichapa stensili kwa taipureta, akaizungusha kwenye mashine ya wino, vidole vikabaki vyeusi. Mwaka 1959 Wamarekani wakatoa mashine ya fotokopi ya Xerox 914, na kunakili kukawa kubonyeza kitufe tu. Hapa Uganda, sheria yetu ya hakimiliki ya 1964 ilitungwa kabla mashine hizo hazijafika kila kona ya mtaa.

Sheria ya 2006 ikachukua nafasi yake. Ililinda kazi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa mfano, mshairi Okot p'Bitek, aliyetoa Song of Lawino mwaka 1966, alifariki 1982. Kwa hesabu hiyo kazi yake haijawa mali ya kila mtu. Msomaji ameachiwa nafasi ya kunakili kwa matumizi yake mwenyewe, na mwalimu kutumia sehemu kama mfano darasani. Kudurufu kitabu kizima na kukiuza ni habari nyingine.

Mimi simlaumu mwalimu mwenye nakala moja na darasa limejaa. Shule ya Bwera, kule Kasese, itampata wapi kila mtunzi ili imwombe ruhusa? Jibu ni leseni ya pamoja: watunzi na wachapishaji wanakabidhi haki ya kunakili kwa chama kimoja, shule, chuo au kampuni inalipa ada, inaruhusiwa kunakili kwa kiwango kilichokubaliwa, na pesa inagawiwa wenye kazi. Norway walianzisha chama chao, Kopinor, mwaka 1980. Kwetu Uganda kazi hiyo ni ya URRO, chama cha haki za kunakili.

Naumia ninapofikiria mtunzi aliyekesha na taa, kisha kazi yake inauzwa kwa kurasa dukani, naye hapati hata shilingi. Tazameni tena zile karatasi za mtoto. Ukurasa wenye jina la mchapishaji, mwaka, na maneno ya hakimiliki haumo. Huo hakuna anayeuweka kwenye kioo.